Mwenda Pole Hajikwai

Bustani ya Tiantan jijini Beijing hufunguliwa alfajiri, na wa kwanza kuingia huwa ni wazee. Hekalu la mle ndani lilijengwa mwaka 1420, na baadhi ya miberoshi inayolizunguka ina umri wa karne kadhaa. Chini ya miti hiyo kila kikundi kina kituo chake. Wapo wanaocheza karata, wapo wanaoimba, wapo wanaocheza dansi. Na wapo wanaojipanga kwa safu, kimya, miguu imeachana kwa upana wa mabega, mikono ikipanda taratibu hadi usawa wa mabega kisha ikishuka taratibu vilevile. Hao wameanza tai chi.

Anayewatazama kwa kupita ataona wazee wanajinyoosha viungo. Anayeketi na kutazama kwa subira ataona kitu kingine. Ataona kwamba yule bibi wa safu ya mbele hainui mguu kabla hajauondolea uzito wote. Ataona kuwa kiganja na goti lake vinafika pamoja, havitangulizani. Ataona kuwa macho yake yako kazini muda wote. Huo ni ufundi, na kama ufundi wa seremala au mfumaji, una kanuni zake, una makosa yake yanayojulikana, na una watu waliofika mbali ndani yake. Katika miaka ya karibuni watafiti wa ubongo wameufuatilia kwa makini, kwa kuwa wazee wanaoushika huonekana kulinda zaidi ya magoti yao. Ninavyouelewa, faida yake kwa akili imo ndani ya ufundi wenyewe: ugumu wake, mpangilio wake na watu wanaoufanya pamoja.

Tuichukue hatua moja tu, ile inayoitwa Kufagia Goti. Mfanyaji amesimama juu ya mguu wa kulia, goti limekunjwa kidogo, na mguu wa kushoto umevutwa karibu, ukigusa ardhi kwa ncha ya vidole au bila kugusa kabisa. Anautanguliza ule wa kushoto mbele. Kisigino kinatua kwanza, na kinatua kitupu: kama ardhi pale ingekuwa na shimo, angeweza kuurudisha mguu bila kuyumba, maana mwili wote bado uko nyuma. Kisha uzito unaanza kuhama. Wayo unalala chini, goti la mbele linakunjwa ila halipiti ncha ya vidole, kiuno kinageuka, na kiuno ndicho kinachoibeba mikono. Mkono wa kushoto unapita juu ya goti kama unaolifagia, na kiganja cha kulia kinatoka karibu na sikio kikasukuma mbele. Vyote vinamaliza safari kwa wakati mmoja. Halafu uzito unarudi nyuma kidogo, ncha ya mguu wa mbele inageuzwa nje, uzito unakwenda mbele tena, na mguu wa nyuma unaletwa kuanza upande wa pili.

Soma tena maelezo hayo ukiwa umesimama, ujaribu kuyafuata. Utagundua upesi kwamba wepesi wa macho si wepesi wa mwili. Sisi tunapotembea kwa kawaida huwa tunaanguka mbele kidogo na kujidaka kwa mguu unaofuata. Kasi ndiyo inayotusaidia. Tai chi huondoa msaada huo. Kwa mwendo wa taratibu, hakuna sehemu ya hatua inayoweza kufichwa. Ule muda ambao mwili mzima unakaa juu ya mguu mmoja, ambao katika matembezi ni sehemu ndogo ya sekunde, hapa unarefushwa mpaka paja linatetemeka. Walimu husisitiza kutofautisha mguu uliojaa na mguu mtupu, na ukiwatazama wanafunzi wapya utaona karibu wote wanasimama katikati, miguu yote miwili imejaa nusunusu, kwa hofu. Kujifunza kuujaza mguu mmoja kikamilifu na kuuacha mwingine mtupu huchukua miezi. Kulifanya jambo hilo bila kulifikiria huchukua miaka.

Sasa ongeza mikono. Katika Mikono ya Mawingu, mfanyaji husogea pembeni, hatua kwa hatua, huku mikono yake ikichora duara mbele ya mwili, mmoja ukipita usawa wa uso na mwingine usawa wa tumbo, kisha inabadilishana. Macho hufuata mkono wa juu. Kiuno hugeuka kushoto na kulia, na uzito huhama pamoja nacho. Kwa hiyo kichwa kimoja kinashughulikia mambo manne kwa pamoja: miguu inakwenda upande, mikono inazunguka kwa mielekeo inayopingana, kiuno kinageuka, macho yanafuatilia. Pumzi nayo isikatike. Mabwana wa sanaa hii huulinganisha mwendo wake na kuvuta uzi wa hariri kutoka kwenye kifukofuko: ukivuta kwa ghafla uzi hukatika, ukisitasita hujisokota. Nguvu iwe ileile tangu mwanzo hadi mwisho.

Kilichonivutia zaidi mimi, hata hivyo, ni mpangilio. Mfululizo unaofanywa na watu wengi zaidi duniani una mikao 24. Ulitungwa China mwaka 1956 chini ya kamati ya taifa ya michezo, kutokana na mtindo wa ukoo wa Yang, nitakaoueleza mbele, ili wananchi wengi waweze kujifunza bila kutumia miaka mingi. Ukifanywa kwa mwendo wake huchukua dakika tano hivi. Ndani yake kuna Korongo Mweupe Akunjuaye Mabawa, kuna Kumrudisha Kima Nyuma, kuna Kushika Mkia wa Shomoro kwa kushoto na kwa kulia, kuna Sindano Chini ya Bahari. Majina hayo yana kazi. Kila jina ni ndoano ya kukumbukia umbo, na walimu huyataja kwa sauti ndogo pale mwanafunzi anapokwama.

Lakini mpangilio huo una mitego pia. Mkao wa tisa unaitwa Mjeledi Mmoja, na mkao wa kumi na moja nao ni Mjeledi Mmoja. Katikati yake ndipo ilipo Mikono ya Mawingu. Mwili umesimama vilevile mara zote mbili, mkono mmoja umenyooshwa mbele na mwingine umeinama kwenye kifundo, vidole vimekutana kama mdomo wa ndege. Mara ya kwanza inabidi uende kwenye mawingu. Mara ya pili inabidi uende kwenye mkao mwingine kabisa. Mwili hauna alama yoyote ya kukukumbusha uko wapi. Ni akili tu inayojua. Asiyekuwepo kimawazo atajikuta anayarudia mawingu, na wenzake wote wameshasonga mbele. Katika mfululizo mrefu wa zamani wa ukoo huo, wenye mikao zaidi ya 80, njia panda za namna hiyo ni nyingi sana: Kushika Mkia wa Shomoro hurudi tena na tena, na kila mara kinachofuata kinategemea ulikotoka. Mzee anayeupitia mfululizo huo wote bila kupotea amefanya kazi ya kumbukumbu ambayo vijana wengi ingewashinda.

Ufundi huu haukubuniwa kwa ajili ya wazee. Ulikuwa mapigano. Kijiji cha Chenjiagou, katika mkoa wa Henan, ndicho kinachotambuliwa kuwa chimbuko lake katika karne ya 17, na jina linalotajwa ni la Chen Wangting, mtu wa zama za mwisho za utawala wa Ming. Kwa vizazi kadhaa ulikaa ndani ya ukoo wa Chen. Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799, alijifunza huko kwa Chen Changxing kisha akaupeleka Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, ndiye aliyeupa mwendo mpana, laini na wa taratibu unaoonekana leo katika bustani nyingi. Kanuni zake kumi ziliandikwa na mwanafunzi wake Chen Weiming, na mojawapo inamtaka mfanyaji atumie nia badala ya mabavu. Disemba 2020 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kilichobaki kutoka kwenye mapigano ni umakini. Kila kiganja kinachosukuma kina mpinzani asiyeonekana, na ndiyo maana jicho la mfanyaji mzuri halilegei.

Tuje sasa kwa wazee na vichwa vyao. Mwaka 1997 jarida la tiba la Lancet lilichapisha taarifa fupi kutoka Sweden ambayo wataalamu wa afya ya wazee wanaitaja mpaka leo. Watafiti walitembea na wakazi 58 wa makazi ya wazee huku wakiwazungumzisha, wakaandika ni nani anayesimama ili aweze kujibu. Walikuwa 12. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Sote tumewahi kutembea na mzee wa namna hiyo: ukimuuliza jambo njiani, anasimama kwanza, anajibu, ndipo anaendelea. Tumezoea kuichukulia kama heshima ya maongezi. Mara nyingi ni dalili kuwa kutembea kumeanza kula akili yote, hata hakuna iliyobaki ya kuzungumzia.

Taarifa ile ilionyesha kwamba mguu na akili havina ofisi mbili tofauti. Mwili unaoyumba huutoza ubongo, na ubongo unaochoka huuangusha mwili. Tai chi imesimama hapohapo kwenye makutano. Mwaka 2018 Fuzhong Li na wenzake wa Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 670 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ambao walikuwa wameshaanguka katika mwaka uliotangulia au walikuwa na shida ya kutembea. Waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walianguka kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Hata wakilinganishwa na kundi lililofanya mchanganyiko wa mazoezi ya nguvu, ya pumzi na ya mizani ya mwili, bado wao walianguka mara chache zaidi, kwa asilimia 31.

Kwa upande wa akili yenyewe, kuna utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 2012. Wazee 120 wasio na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu waligawanywa katika makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifanya tai chi, la pili lilitembea, la tatu lilikutana kwa mazungumzo, la nne liliachwa liendelee na maisha yake. Mazoezi na vikao vilikuwa mara tatu kwa wiki, kwa wiki 40, na ubongo wa kila mmoja ulipigwa picha mwanzoni na mwishoni. Ubongo wa mtu mzima hupungua kadiri umri unavyokwenda. Katika kundi la tai chi ujazo wake uliongezeka, na alama zao katika vipimo kadhaa vya kumbukumbu na fikra zikapanda. Katika kundi la matembezi ongezeko hilo halikuonekana. Ila ujazo uliongezeka pia katika kundi la mazungumzo. Sikuwahi kuona matokeo yanayowaheshimu wazee zaidi ya hayo: mwendo unaohitaji fikra, na kikao cha watu wanaobishana na kucheka, vyote viwili vilionekana kuujenga ubongo.

Utafiti wa tatu ndio unaonipa uhakika zaidi kuwa siri imo kwenye umakini. Ulitolewa mwaka 2023 na Fuzhong Li huyohuyo na wenzake. Waliwachukua watu 318 wa miaka 65 na zaidi, ambao kumbukumbu zao zilikuwa zimeanza kupungua au wenyewe walikuwa na wasiwasi nazo, wakawafundisha nyumbani kwao kwa njia ya video, saa moja mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Kundi moja lilinyoosha viungo. Kundi la pili lilifanya tai chi ya kawaida. Kundi la tatu lilifanya tai chi huku likipewa kazi za kichwa, mathalani kutaja herufi za neno kwenda mbele na kurudi nyuma wakati mikono na miguu ikiendelea. Walipimwa kwa kipimo cha alama 30 kinachotumika sana katika kliniki za kumbukumbu. Kundi la tatu lililizidi la kunyoosha viungo kwa wastani wa alama 2.8, na kulizidi la tai chi ya kawaida kwa alama 1.5. Na walipoambiwa watembee huku wakifanya kazi ya akili, mwendo wao ulivurugika kwa kiwango kidogo kuliko wa makundi mengine. Ule mtihani wa Sweden waliufanyia mazoezi, wakaufaulu.

Haya yasimfanye mtu auze tai chi kama dawa. Tafiti nyingi zimechukua miezi, na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hujengeka kwa miaka mingi. Aliyekwisha kuugua anahitaji daktari na familia, na hakuna mkao wa mikono utakaochukua nafasi yao. Anayepata kizunguzungu au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga aulize kwanza hospitali kabla ya kusimama kwa mguu mmoja. Nasema hivi kwa sababu sanaa nzuri huharibiwa na wanaoisifia isichoweza. Inachoweza kinatosha kuipa heshima.

Na kinachoweza kuonekana kwa macho ni hiki: mtu wa miaka 75 bado anaboreka. Katika kazi nyingi za mwili umri huo ni wa kukumbuka ulivyokuwa hodari. Katika tai chi mzee ndiye anayetazamwa. Kijana ana nguvu ya paja, lakini hawezi kuficha haraka yake. Bega lake linapanda, kiwiko chake kinakakamaa, mikono inafika kabla ya miguu. Mzee aliyefanya miaka ishirini amekwisha kuacha kila kisichohitajika. Na bado mwalimu wake, naye mzee, atamgusa kiwiko kwa kidole kimoja kukishusha kidogo, naye atashukuru na kuanza upya. Kusahihishwa katika umri ule, mbele ya wenzako, na kulipokea kwa furaha, hiyo nayo ni kazi ya ubongo. Unakumbuka kosa la jana, unalilinda leo, unalisikiliza ndani ya mwili kesho.

Suala hili la akili kufifia uzeeni si geni kwetu. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kuwa takriban asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hao ni babu na bibi zetu, ambao mara nyingi tunasema tu kuwa uzee umewaingia, au mbaya zaidi, tunawatuhumu kwa uchawi. Tena tuna desturi ya heshima ambayo kwa nia njema kabisa huwadhoofisha. Mama akishika ndoo tunamnyang'anya. Baba akitaka kwenda dukani tunamtuma mtoto. Tunawawekea kiti kivulini, tunawaambia wapumzike, na tunahesabu hiyo kuwa ndiyo malezi ya wazazi. Siku nzima hawana cha kujifunza, cha kukumbuka wala cha kukosea.

Wazee wa Tiantan wanatufundisha kinyume chake. Tai chi haina vifaa, haina mavazi maalumu, haidai uwanja mkubwa. Inahitaji viatu visivyoteleza, sehemu tambarare, kiti au ukuta wa kushika mwanzoni, mtu anayejua wa kufundisha, na wenzako wawili watatu wa kufanya nao ili asubuhi mtu akikosa aulizwe yuko wapi. Kama mtaani kwenu kuna anayeifundisha, mpeleke mzazi wako, na usimame naye kwenye safu badala ya kumsubiri pembeni. Kama hayupo, tafuta kinachofanana nayo kwa sifa zake: kazi ya mwili inayohitaji kukumbuka mpangilio, inayofanywa taratibu na kwa uangalifu, pamoja na watu. Ngoma za kina mama zenye hatua maalumu zina sifa hizo. Bao halina miguu, ila lina hesabu na lina watani, na mtu anaweza kulifikia kwa kutembea.

Basi mwaka huu, zaidi ya kumnunulia mzee wako kiti kizuri, mpe jambo jipya la kujifunza, gumu kiasi cha kumfanya akosee, na mwache alikosee kwa muda wake mpaka aliweze.